Neno la Mchinjaji

Wawindaji wa Tabora mjini wana mtu mmoja ambaye bila yeye gari haliondoki, na mtu huyo hashiki bunduki. Ni mchinjaji. Kwenye gari hupanda Wakristo, Waislamu na wasiosali kabisa, lakini nyama ikifika mjini hugawiwa nyumba zote. Kwa hiyo mnyama akianguka, lazima Mwislamu amfikie angali anapumua, apige bismillahi na kumpitishia kisu. Akimkuta amekufa ni kibudu, na Waislamu hurudi mikono mitupu. Na kwa kuwa anayefika wa kwanza ni yeye, wengine wote hubaki na neno lake tu.

Kwa miaka ishirini na miwili neno hilo lilikuwa la mzee Mabruki, fundi cherehani wa Kanyenye. Mwaka fulani aliwakatalia pofu mzima, mnyama wa kulisha mtaa, kwa sababu alimkuta ametulia tuli. Rafiki yake Uwesu alinuna njia nzima. Walipofika mjini, Uwesu huyohuyo ndiye aliyezunguka barazani akitamba kwamba mchinjaji wao hanunuliki.

Lakini magoti hayasikii sifa. Msimu uliopita Mabruki alichelewa mara tatu, na mara zote tatu alisema kibudu. Renatus, mwenye gari na kibali cha kuwindia, alichoka naye. Alikuwa msafirishaji wa tumbaku, mtu wa kucheka kwa meno huku macho yakifanya kazi nyingine.

"Mzee Mabruki, shikamoo," alimwambia siku ile kabla hawajapanda gari.

"Marahaba, baba."

"Leo ukimkuta amekufa, safari ijayo tunakuja na Majidi. Kijana ana pumzi yule."

Mabruki alijibu kwamba ni sawa tu. Haikuwa sawa hata kidogo. Nyumbani alikuwa mzee wa kuomba mjukuu amtungie uzi kwenye sindano. Porini, wanaume wenye bunduki walisimama wakamsubiri yeye. Aliipenda saa ile ya kusubiriwa kuliko alivyowahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Walivuka Usoke kukiwa bado na ukungu, wakaacha barabara na kuingia porini. Renatus na Silasi, mpiga shabaha kutoka Nzega, walitangulia kwa miguu. Mabruki na Uwesu walibaki garini na chupa ya chai. Mlio mmoja ulisikika mapema. Baadaye kidogo Silasi akapita kuchukua maji na kamba, akasema wamekosa. Jua lilikuwa limeshapanda mlio wa pili uliposikika, ukafuatiwa na sauti ya Silasi.

"Wahi, guku! Anapiga miguu!" Guku ni babu kwa lugha ya kwao, na Silasi alilitamka kwa kejeli kama kawaida yake.

Mabruki alikimbia. Watu wazima hawapaswi kukimbia vile. Alianguka mara moja, miiba ikamchana suruali, akainuka na kisu chake mkononi, huku amemwacha Uwesu nyuma. Alipowafikia, Renatus alikuwa amesimama kando ya mninga, simu mkononi. Kongoni alilala karibu na kichuguu, na mguu wake wa nyuma ulikuwa ukitikisika.

Mzee alipiga magoti akamshika taya ili amwelekeze kibla. Taya halikugeuka. Shingo ilikuwa imekakamaa. Inzi alikuwa ametua katikati ya jicho, na jicho halikupepesa. Mikono ya Mabruki ilijua kabla yeye hajataka kujua: mnyama huyu alikufa zamani.

Ila mguu ulitikisika tena. Aliung'ang'ania mguu ule kwa macho kama mtu anayezama.

"Wahi, mzee, atakufa," alisema Renatus kwa upole.

Mabruki alimfikiria Majidi. Akasema bismillahi, akakata. Damu haikuruka. Ilichuruzika kidogo, nzito na nyeusi, naye akaifukia upesi kwa mchanga.

Uwesu alifika akihema. "Umemkuta hai?"

"Hai."

"Una hakika, mzee?" Renatus aliuliza.

"Nimesema hai."

Hapo Silasi akatoka nyuma ya kichuguu. Mkononi alishika ncha ya kamba iliyofichwa chini ya majani, akaivuta, na kongoni mwenye koo lililokatwa akarusha mguu. Silasi alicheka mpaka akakaa chini.

"Tumemwangusha asubuhi, guku. Amekufa wewe unakunywa chai. Ule mlio wa pili nilipiga hewani."

Renatus hakucheka sana. Alikuwa akiangalia kama picha imetoka vizuri.

Mabruki alibaki amepiga magoti. "Wallahi, Uwesu, ni leo tu," alisema. "Miaka yote hii, ni leo tu."

Uwesu alikitazama kile kisu. "Silasi asingetoka, leo ungesema nini?"

Uwesu hakungoja jibu. Alirudi garini, akamwaga chai iliyobaki.

Kufika Usoke simu zikapata mtandao, na Renatus akaituma video kabla hawajamaliza kununua maji. Alisema ni utani tu, watu wacheke. Watu walicheka kweli, kwa muda mfupi. Halafu wakaanza kukumbuka nyama walizokula kwa neno lake. Huyu alikumbuka harusi, yule jando la mwanawe, na saa ya laasiri msikitini wanaume waliowahi kugombea kumpisha Mabruki safu ya mbele walikuwa wamezama kwenye mazungumzo yao. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana.

Nyumbani alimkuta mkewe, Mwanamkuu, ameketi mkekani. Jirani yao Zamda alikuwa ametoka hapo punde, na simu yake yenye ile video.

"Baba Swaumu," Mwanamkuu alisema, "yule swala wa hitima ya mama yangu. Ulimkuta hai?"

Mabruki alimkumbuka swala yule vizuri. Mnyama alimpiga teke la paja, yeye akachubuka, damu ikamrukia mpaka kwenye kofia. Alitaka kuyaeleza yote hayo, teke, kofia, jinsi mapigo ya moyo yalivyokuwa yakidunda chini ya kiganja chake. Likatoka neno moja tu.

"Hai."

Mwanamkuu alitikisa kichwa taratibu.

"Ndivyo ulivyosema kwenye simu ya Zamda," alisema.