Mikono ya Clotilde

Siku ya mafunzo mwalimu Clotilde aliona haya. Alale kifudifudi sakafuni mbele ya walimu wanaume, akandamizwe mgongo? Muuguzi Antoine, aliyekuja kuwafundisha walimu na wafanyakazi wa shule huduma ya kwanza, alimwacha akae pembeni atazame. Aliyejilaza ni Lucien, mlinzi wa lango.

Siku tisa baadaye, Januari 1953, mvua ilikuwa imejaza shimo la udongo wa matofali nyuma ya shule, katika mtaa wa Kamalondo. Wakati wa mapumziko Adolphine, mtoto wa darasa la pili, aliteleza akatumbukia. Lucien alijitosa na nguo zake. Alipomtoa, midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi.

"Mwalimu, hapumui!" Lucien alikohoa, akatapika maji, akaanguka kando. "Fanya weye. Mimi sina nguvu."

Clotilde alipiga magoti matopeni, akaweka viganja mgongoni.

"Chini kidogo. Kwa mbavu," Lucien alimwelekeza.

Akakandamiza, akaachia. Un, deux, lâchez, moja, mbili, achia, kama Antoine alivyohesabu kwa Kifaransa. Maji yalimtoka mtoto puani, kisha hakikutoka kitu. Mwalimu mkuu, Clément, alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda kutafuta daktari. Un, deux. Mgongo ule ulikuwa mdogo, baridi, hausogei.

Honorine, mama wa mtoto, akafika mbio kutoka sokoni.

"Acha! Mutoto yangu alishakufa, unamubunja mifupa!" Alimzaba Clotilde kofi, akamvuta kitambaa cha kichwa.

"Nipige, mama, lakini usinitoe mikono!"

Ukweli ni kwamba naye Clotilde aliamini mtoto amekufa. Aliogopa tu kulikubali kwa sauti. Mabega yaliwaka moto, machozi na jasho vikamfumba macho, Lucien akawa anamhesabia kwa sauti iliyokauka. Clément alirudi peke yake, daktari hakupatikana. Hata yeye alisema, "Basi, Clotilde. Basi."

Hakuacha. Un, deux.

Ndipo ikasikika kwikwi. Moja, kimya kirefu, kisha ya pili, na Adolphine akatapika matope akalia.

Honorine alimnyakua akakimbia naye hospitalini bila kugeuka nyuma. Clotilde aliinuka taratibu, akajifunga upya kitambaa chake. Akawaambia wanafunzi waingie darasani.

Mtoto alilazwa siku nane. Aliporudi shuleni, mama yake alimsindikiza hadi langoni, akamsalimu Lucien, na kwa mwalimu akainamisha kichwa tu. Kofi lile hawakulizungumza kamwe.