Kiti cha Upande wa Weusi

Mjane hajakaa vizuri kwenye benchi la fundi wa video, wifi yake akaingia, akamsukuma kwa goti na kujibwaga katikati.

"Nimekuja kuona unachokikata," alisema. "Kaburi la kaka yangu halijaota hata nyasi, umeshaanza kumkatakata!"

Mjane akasogea mwishoni mwa benchi. Njia nzima alikuwa amemwomba Mungu amfunge mdomo, na Mungu alikuwa kazini. Alimpa fundi flashi tu. Ndani yake mlikuwa na dakika kumi na moja za mumewe kitandani, wiki yake ya mwisho, akisema kwa sauti iliyochoka kwamba nyumba abaki nayo mkewe, asisumbuliwe na mtu. Simu iliyomrekodi, ikiwa imesimamishwa wima mezani, ilishakufa. Iliyobaki ni nakala iliyowekwa kwenye video ya msiba: picha nyembamba katikati, weusi wa kujazia nafasi kushoto na kulia.

Shemeji mkubwa, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika ukoo, alikuwa mbali. Alisema ataamua leo saa kumi, tena kwa kuona, si kwa kusimuliwa. Lakini kila mjane alipomtumia video, simu iliikataa: kubwa mno. Wifi hakuhitaji video. Alishamwambia kaka yake huyo kwamba siku ile alikuwepo chumbani, na kwamba kurekodi kulipokwisha, mgonjwa alimgeukia akamnong'oneza nyumba irudi kwao. Tangu wiki iliyopita ufunguo wa nyumba ulikuwa mkobani mwake, na mjane analala kwa bintiye.

"Nitakata huu weusi," fundi alisema. "Wenyewe hauna uzito sana, lakini hauna kazi. Kisha nitaihifadhi upya, ndogo, itapita."

Wifi aliruka kama aliyekalia moto. "Hukati kitu! Hapo penye weusi ndipo nilipokaa mimi! Taa haikufika pembeni, ndiyo maana sionekani. Huyu mwanamke anataka kunifuta!"

Fundi akakuna kidevu. "Mama, huu weusi si giza la..."

"Ngoja, fundi." Mjane alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Wifi yangu, ulikaa upande gani?"

"Huku kushoto, kwenye kiti, karibu na kichwa chake." Akabandika kidole kwenye kioo cha kompyuta, alama ya mafuta ikabaki. "Ungenionaje wewe? Mume anakata roho, wewe unahesabu mabati!"

"Nimesikia. Kata, fundi."

Fundi akavuta mistari miwili hadi kingo za picha, akabonyeza, akasubiri. Akaivuta picha karibu, ikajaza kioo. Mjane alipouona uso wa mumewe umekuwa mkubwa vile, alishika ukingo wa benchi. Kisha akatazama kushoto. Mto ulikuwa umebanwa ukutani, na rangi ya ukuta imebanduka pale kichwa kilipozoea kuegemea. Kitanda kile alikisukuma yeye mwenyewe hadi ukutani, mgonjwa alipoanza kuanguka. Aliyeingia chumba kile hata mara moja angejua.

"Kiti kilikaa ndani ya tofali?" aliuliza.

"Labda alikaa kwa jirani," fundi alisema, bila kucheka.

"Mchawi mkubwa wewe!" Wifi akairukia flashi kwenye kompyuta, fundi akaweka kiwiko katikati. Video ikaingia kwenye simu ya mjane, ikatumwa, safari hii ikapita. Mjane akaongeza ujumbe wa sauti: "Shikamoo, shemeji. Muulize dada yako alikaa upande gani, kisha tazama upande huo."

Wakasubiri dakika zote kumi na moja, wifi akipumua kama mvukuto. Halafu simu yake ikaita. Sauti ya kaka mkubwa ilisikika mpaka mlangoni.

"Ulikaa upande gani?"

Wifi aliitazama alama ya kidole chake kwenye kioo.

"Kulia," alisema.

"Kulia namwona mkewe, ameshika kikombe, anamnywesha maji. Rudisha ufunguo."

Wifi akaufukua mkobani, akautupa sakafuni, mbali, ili mwenzake ainame.

"Utakufa humo peke yako," alisema.

Mjane akainama, akauokota, akaufuta kwa upindo wa khanga. "Amina," alisema. "Lakini nitafia ndani."