Wifi na Kola Kumi na Moja

Kiwandani kwetu wanawake arobaini tulikuwa na kibao kimoja cha kwendea choo. Asiyekishika haondoki kwenye cherehani. Basi hatukunywa maji hadi jioni, na msimamizi akatusifu kuwa wavumilivu. Sijamsahau, na wala sina haraka ya kumsahau.

Wifi yangu, mke wa kaka, alirudi kazini mtoto wake wa tatu akiwa na miezi minne. Akipiga chafya, mkojo unamponyoka.

"Wifi, usinichekeshe, nitaaibika!"

"Nikinuna nawe, nani atakupenda?"

Nikampeleka kwa mkunga wa zahanati. "Si laana," mkunga akamwambia, "ni misuli ya chini ya nyonga imelegea. Bana kama unazuia ushuzi mbele ya mkweo. Hesabu hadi tano, achia, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usitegemee muujiza kabla ya miezi mitatu. Na maji unywe!"

Wifi akaamua mazoezi ya mchana ayafanye akishona. Kumbe alibana kila alichopewa na Mungu: meno, makalio, mapaja, hadi unyayo. Na unyayo uko juu ya pedali! Cherehani ikatimka. Siku hiyo kola kumi na moja zilishonwa mpaka kifuani.

"Kesho unahamia kubeba katoni," msimamizi akasema.

Katoni za kilo ishirini, kwa mtu aliyeshindwa na chafya! Wifi machozi yakamlengalenga. Tulipotoka tu nikamrudisha kwa mkunga, naye akacheka hadi akavua miwani.

"Mwanangu, nilisema ubane mahali pamoja tu. Mguu ulegee, makalio yalegee, upumue. Ukibana sawasawa, hata aliyekaa pembeni yako hajui."

Asubuhi wifi akamkabili msimamizi. "Nipe kola moja. Ikipinda, nakwenda kwenye katoni."

Akashona taratibu. Kola ikanyooka kama rula.

"Jana ulikuwa na nini?" msimamizi akauliza.

"Nilikuwa nabana."

"Unabana nini?"

"Nikwambie hapa, bosi, au tukae faragha?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msimamizi akaangalia viatu vyake, akasema wifi abaki hapohapo, akaondoka upesi.

Mama wa vifungo, mwenye wajukuu sita, akasogeza kiti chake kwa wifi.

"Mwanangu," akanong'ona, "huko kubana, mtu anahesabu hadi ngapi?"