Harufu Ngeni kwenye Mtandio

Haroun Mselem alikuwa na duka la mafuta ya kunukia, udi na ubani pale Stratford Road, mtaa wa Sparkhill, huku kwa Waingereza, na kama kuna kitu alichojivunia hapa duniani basi ni pua yake. Mteja akiingia tu, kabla hajatoa salamu, Haroun keshajua amepaka nini, kimetoka wapi, na aliyemuuzia alimpunja kiasi gani. Wenzake msikitini walimwita Pua, naye hakukasirika hata siku moja. Alipenda kusema kwamba yeye angemtambua mkewe, Mwanasiti, kwa asmini yake hata akifungwa kitambaa usoni katikati ya watu mia. Alilisema hilo mara nyingi, na mbele za watu, kama mtu anayesifia gari lake.

Sasa yaliyompata ni haya. Mwaka 2004, Mwanasiti alipata kazi kwenye jumba moja la sanaa karibu na mfereji, upande wa Ladywood. Kazi yenyewe ni kukaa kitini ndani ya ukumbi na kuangalia wageni wasiguse vitu. Majira hayo jumba lilikuwa na tamasha la Wahungaria, waliokuja kuonyesha sanaa zao za leo: picha, muziki, filamu, na mambo mengine ambayo Haroun hakuyajulia jina. Yeye hakuwahi kutia mguu huko. Alichokijua alikisoma kwenye kipeperushi ambacho binti yao Maisara alikibandika kwenye friji: picha ya kiti kilichozongwa nyuzi nyekundu kuanzia miguuni hadi juu, na jina la msanii, mzee mmoja Balint.

“Kiti ukishakifunga nyuzi utakaa wapi?” Haroun aliuliza.

“It's art, Baba,” Maisara alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Dalili ya kwanza aliiona Jumapili ya Pasaka, siku ambayo nyumbani kwao haikuwa na maana yoyote ila maduka makubwa kufungwa. Aliingia jikoni kutafuta chai akakuta sufuria inachemka, imejaa maganda ya vitunguu, na ndani ya maji yale mekundu inaelea soksi ndefu ya nailoni ya mkewe. Soksi ile ilikuwa na mafundo, na kila fundo lina yai.

“Ndo nini hiyo, Mama Maisara?”

“Mayai. Ya kazini. Kesho kuna shughuli ya familia, wametuomba wanawake tulete.” Alilitoa moja, akalifungua kwenye soksi. Yai lilikuwa limeiva rangi ya kahawia nyekundu, na ubavuni limebaki umbo jeupe la jani la kotimiri, mshipa kwa mshipa. “Njoo nawe basi. Uje na Maisara.”

“Kesho sikukuu, Stratford Road itajaa watu. Dukani atakaa nani?”

Mwanasiti aligeukia sufuria. Alilifungua yai la pili kwa uangalifu ambao Haroun hakuupenda. Mwanamke aliyeolewa, alijisemea, hampambii mtu mayai bila sababu.

Jumatatu jioni Mwanasiti akarudi, mashavu yamemwiva kwa baridi, anaimba kitu kisicho na maneno. Alivua koti, akainama juu ya meza kuchukua sahani ya Maisara, na mtandio wake ukapita karibu na uso wa Haroun.

Haroun aliivuta harufu yake. Kilichomfikia kwanza ni spiriti, kali kama ya hospitali. Nyuma yake limau, halafu lavenda, na chini kabisa utamu wa bei rahisi ulioganda kwenye kitambaa. Haroun hakuwa na chupa hata moja dukani yenye spiriti, wala nyumbani haikuwahi kuingia. Mke wa muuza mafuta hawezi kwenda kununua uchafu ule kwa pesa yake. Basi umetiwa na mkono wa mtu.

“Kazi ilikuwaje?”

“Nzuri. Tumecheka sana.”

“Na nani?”

“Na wenzangu.”

“Na mayai?”

“Nimegawa.”

“Umempa nani?”

Mwanasiti alimtazama kidogo, sahani mkononi. “Mwenyewe wa kupewa,” alisema, na ile furaha aliyoingia nayo ikamtoka usoni. Akaenda kuosha vyombo.

Mtu mwingine angemfuata jikoni akamuuliza, “Mke wangu, wanukia nini leo?” na kesi ingekwisha kabla ya sala ya Isha. Lakini Haroun hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kuchunguza. Hilo ndilo lililomponza.

Jumanne alisubiri mkewe apande basi. Kisha akautoa mtandio kwenye kapu la nguo chafu, akautia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo harufu isitoke. Hakutosheka. Alikwenda chumbani akafungua droo za meza ya kioo moja moja, huku akitazama mlango, maana alikuwa hajawahi kufanya kitendo kile na alijua ni cha aibu. Hakukuta barua wala zawadi. Alikuta kichupa cha mafuta ya asmini alichompa Idi ya Ramadhani iliyopita. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni, kizibo hakijaguswa, na mabegani kimeshika vumbi. Haroun akakaa kitandani. Yangu ameyaacha, alisema moyoni, amechukua ya mtu mwingine. Hakuhitaji ushahidi mkubwa zaidi ya huo.

Dukani akamwita jirani yake Ranjit, muuza mazulia, mzee mwenye busara na mafua ya kudumu. Akamnusisha mtandio bila kumwambia ni wa nani. Ranjit alivuta pumzi, akakohoa, akatabasamu.

“Babu yangu alikuwa akijipaka kitu kama hiki akishanyoa ndevu,” alisema. “Hii ni ya wanaume, rafiki yangu.”

Haroun alimshukuru, akampa kijiti cha udi, akafunga mlango kwa ndani. Huko nyuma ya kaunta, kwenye giza lile la maboksi, alilia kidogo. Aliipenda ndoa yake. Miaka kumi na mmoja, kutoka mtaani kwao Mkunazini hadi chumba kimoja cha kupanga hadi nyumba hii, na sasa mzungu mmoja wa kufunga viti nyuzi anamtia mkewe spiriti kichwani. Alipokwisha kulia alinyanyua simu akampigia Khatib, kaka wa Mwanasiti, anayekaa Alum Rock.

“Shemeji, nisikilize bila ya hasira. Dada yako ana mtu.”

Khatib akauliza, “Ushahidi unao?”

“Nina pua.”

“Haroun.”

“Nakwambia nina pua, shemeji. Na kuna mayai. Lakini usimwambie kitu kwanza. Nipe hadi kesho, nikamwone kwa macho yangu.”

Usiku ule alilala kaupa ukuta uso. Mwanasiti alimuuliza kama anaumwa, akasema kichwa.

Jumatano alibandika karatasi ya “Tumefunga” mlangoni pa duka, akapanda basi hadi mjini, akatembea kando ya mfereji na ule mfuko wa plastiki ndani ya mkoba wake. Mpango wake ulikuwa mwepesi: ataingia kama mgeni yeyote, atafika ukumbini kimya kimya, na akimkuta mwanamume karibu na kiti cha mkewe, atamnusa. Zaidi ya hapo hakuwa amepanga. Ukinusa mtu ukamjua, unamfanya nini? Hilo aliliacha mikononi mwa Mungu.

Mlangoni alikuwepo mlinzi mwenye kilemba cha buluu, na kifuani jina lake, Gurdev. Mikoba yote ilikuwa ikikaguliwa. Haroun hakulitegemea hilo. Gurdev akaufungua mkoba, akautoa mfuko, akalifungua fundo, na mtandio wa Mwanasiti ukamwagika juu ya meza mbele ya foleni ya watu. Mlinzi akaunusa, kisha akacheka kwa sauti.

“Jumatatu!” alisema. “Wa mke wangu tumeufua mara mbili, haitoki. Huu si wa Mwanasiti? Ndiye wewe mumewe? Basi ulikosa shughuli, bwana. Nenda ukaone picha.”

Haroun aliurudisha mtandio mfukoni, akaenda kwa sababu miguu ilikwenda. Ukutani, karibu na ngazi, zilikuwa zimebandikwa picha za Jumatatu ya Pasaka. Katika ya kwanza mzee mwembamba, kofia yenye ua, ameinama na kichupa mkononi, anamnyunyizia bibi wa kaunta ya tiketi, naye bibi amekunja uso kwa kucheka. Katika ya pili, wapishi watatu wa mgahawani wamepanga foleni. Kisha mwanamke wa Kisikh, bila shaka mke wa Gurdev. Kisha kitoto cha miaka minne na bibi yake, wote wamefumba macho. Ya mwisho ilikuwa ya Mwanasiti. Mzee amesimama mbali naye, mkono umenyooka. Mwanasiti amevuta mtandio ukafunika paji la uso, na viganja vyake viwili ameviweka wazi mbele, kama wafanyavyo kwao kwenye maulidi, mrashi ukipitishwa na watu wakinyunyiziwa maji ya waridi.

Haroun alivitambua viganja vile. Ameuza maji ya waridi ya maulidi miaka ishirini.

“Ni desturi yao,” Gurdev alimweleza, kaja kusimama nyuma yake. “Jumatatu ya Pasaka wanaume wanapita kuwanyunyizia wanawake marashi, eti wasinyauke, kama maua. Mwanamke naye anatoa yai lililotiwa rangi. Balint alileta chupa kutoka kwao. Lakini lazima kwanza aombe ruhusa, ndiyo adabu yenyewe. Na kijijini kwao, akasema, mume ndiye anayeanza kumnyunyizia mkewe, halafu wengine wafuate. Alimuuliza mkeo, mumeo yuko wapi? Mkeo akasema, huenda akaja. Akakaa mwisho wa foleni. Wote walikwisha, yeye bado anatazama mlango huu. Saa tisa ndipo alipomwambia mzee, haya, nyunyiza.”

Haroun aliitazama tena ile picha ya mwisho. Aliona aibu, aibu ya kweli. Halafu akamkumbuka Khatib. Alitoka nje mbio hadi ukingoni mwa mfereji, akatoa simu ya mkononi.

“Shemeji, nimekosea. Hakuna kitu. Usimwambie neno.”

“Nimeshampigia,” Khatib alisema. “Asubuhi hii. Ulitaka nilale na maneno yale kifuani?”

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya kwanza, mkubwa na mweupe, na katikati yake kile kiti cha nyuzi nyekundu. Hapakuwa na wageni. Mwanasiti alikaa pembeni kwenye kiti cha kawaida, simu yake mapajani, mgongo umenyooka. Alimwona mumewe akiingia na mfuko mkononi, asishtuke.

“Kaka kanipigia,” alisema. “Kaniuliza mwanamume mwenyewe nani. Haroun, ni kaka yangu, aliyeniozesha kwako.”

“Nisamehe, Siti. Nimeona picha. Nimejua kila kitu.”

“Umejua nini?”

“Ile harufu. Nilidhani—”

“Ile harufu uliinusa siku ile ile.”

“Kabla hujakaa mezani,” Haroun alisema, na hata katika hali ile sauti yake ikapata kajivuno kadogo, ndivyo alivyokuwa.

Mwanasiti alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha hesabu yake. “Na kichupa cha asmini, mezani kwangu. Umekiona?”

“Nimekiona.”

“Lini?”

“Jana.”

“Jana,” alisema Mwanasiti. “Ulinipa Idi ya Ramadhani. Sikukifungua. Wala sijafukiza udi nguo zangu, wala sijajipaka chochote, tangu siku ile. Siku hizo hizo nilikusikia dukani ukimwambia mteja utanijua katikati ya watu mia, nami nilikuwa nimesimama nyuma yako na chakula chako, nusu saa, hukugeuka. Nikasema basi, niache, nione zitapita siku ngapi. Imekwenda miezi minne na nusu. Kila usiku nalala ubavuni pako sinukii kitu. Mzee wa watu kaninyunyizia matone matatu, umeamka.”

Haroun aliutazama mfuko mkononi. Alitafuta kumbukumbu ya harufu ya mkewe kwa miezi ile yote, usiku wowote, asubuhi yoyote, asiipate. Alisogea karibu, akanyoosha mkono.

“Twende nyumbani tuyazungumze.”

“Leo nikitoka nampitia Maisara shuleni, tunakwenda Alum Rock kwa kaka. Kesi umeipeleka kule wewe mwenyewe. Itasikilizwa kule.”

Nyuma yao sauti za watu zilikuwa zinapanda ngazi, kundi la wanafunzi na mwalimu wao. Mwanasiti alisimama, akalinyoosha koti la kazi, akautengeneza mtandio mwingine aliovaa. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, kwa upole ule ule anaowapa wageni wote:

“Please stand behind the line, sir.”

Haroun akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimeuvuka utepe mweupe uliobandikwa sakafuni kukizunguka kile kiti. Akarudi nyuma hatua mbili, wanafunzi wakaingia wakajaa mbele yake, na pale aliposimama, kwa mbali, alisikia harufu ya spiriti na limau ikitoka kwenye mfuko alioushika.