Utepe kwenye Breki ya Rumen

Kulikuwa bado giza niliposikia kijiko kikigonga ukingo wa sufuria ndogo ya kahawa jikoni. Nilibaki kitandani nikisikiliza. Tangu tumzike mwanangu Rumen, karibu mwaka sasa, hakuna aliyeamka kabla yangu katika nyumba hii, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuamka. Kijiko kiligonga mara tatu, kikanyamaza. Alikuwa Kalina, binti yake, aliyefika jana jioni kutoka mjini Plovdiv, na alikuwa anajitahidi asiniamshe.

Kalina huja kwa ajili ya pikipiki. Simlaumu. Kila Jumapili ya pili alikuwa akishuka basi la asubuhi, anaingia bandani na kuiwasha pikipiki ya baba yake papo hapo iliposimama, anaiacha ingurume dakika kumi, kisha anakula supu kwangu. Mwezi uliopita aliitoa barabarani kwa mara ya kwanza, akarudi amebadilika rangi. Alisema ukishika breki ya mbele, mkono wa breki unasukuma vidole na kuachia, unasukuma na kuachia, na kwenye mteremko wa daraja usukani ulitikisika mpaka akadhani gurudumu linachomoka. Kuna mtu alikuwa tayari kuinunua aivunje auze vipuri. Kalina alimwambia aje Jumatatu, iwapo fundi Metodi atashindwa. Metodi aliahidi kuja Jumapili, na hii ndiyo Jumapili yenyewe.

Nilijua maana yake kwangu. Pikipiki ikienda, Jumapili zangu zitaenda nayo. Nililijua hilo kama mtu aliye ndani anavyojua kwamba nje kuna theluji. Mwaka mzima nimekuwa hivyo. Siku ya mazishi nilihesabu vifungo vya joho la padri.

Metodi alikuja kengele ya kanisa ilipokwisha kulia. Alisoma darasa moja na Rumen. Alipangusa viatu mlangoni, ingawa ni banda tu, na kofia akaivua. Kwanza aliiendesha mwenyewe hadi kwenye chemchemi na kurudi, akatuambia pigo ni moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye kitu kinachozunguka. Kalina akamuuliza kama ugonjwa huo ungeweza kumuua.

"Wewe unachoma watu sindano siku nzima," Metodi akasema, "leo breki ndiyo inakutisha?"

"Sindano haina magurudumu, mjomba."

Aliinua gurudumu la mbele kwa stendi, akalitikisa kushoto na kulia kutafuta ulegevu. Haukuwepo. Akafunga kwenye mguu wa pikipiki kipimo chenye uso kama saa, ncha yake ikagusa diski ya breki, akamwomba Kalina azungushe gurudumu polepole. Mshale wa kipimo ulicheza kidogo sana. Metodi akasema watu wote hukimbilia kusema diski imepinda, wananunua mpya bure, na hii imenyooka kuliko yeye mwenyewe.

Kisha akaisikiliza. Gurudumu lilipozunguka kulikuwa na mkwaruzo mdogo, mahali pale pale kila mara. Akasimamisha, akafuta kwa kitambaa, akaniita niangalie. Kwenye chuma kinachong'aa kulikuwa na doa jeusi lenye kingo, umbo na ukubwa ule ule wa pedi ya breki, kana kwamba mtu ameibandika hapo na kuibandua. Alipitisha ukucha, ukakwama.

"Pedi zilibanwa hapa zikiwa zimelowa," alisema, "zikakaa miezi."

Ndipo akainua macho, na nikaona anatazama msumari ukutani.

Pale palining'inia kipande cha utepe mweusi. Kilibaki nilipofunga utepe wa msiba getini. Rumen aliiosha pikipiki asubuhi, mchana moyo wake ukasimama katikati ya shamba la mizabibu. Sakafu ya banda ina mteremko, na jioni ile, watu wakiwa wamejaa sebuleni, niliogopa pikipiki itaserereka ianguke. Nikavuta mkono wa breki, nikaufunga kwa utepe huo kwa nguvu zangu zote. Kalina aliufungua mwezi uliopita, akautundika. Bado una mikunjo.

"Niliufunga mimi," nikasema.

Metodi akarudisha macho kwenye diski.

"Chuma kikisimama sana hushikana, mama. Hata yangu ilifanya hivyo."

Najua yake haijawahi kusimama hata wiki moja.

Alifungua kila kitu. Alisoma namba ya unene wa chini kabisa iliyogongwa kwenye diski, akapima unene, akasema bado ina nyama ya kutosha. Alisugua doa kwa msasa, kwa miduara, pande zote mbili, mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Pini ndogo zinazoshika diski zilikuwa zimeganda kwa uchafu, akazizungusha moja moja mpaka zikacheza. Pedi za zamani akazitupa, akaweka mpya. Kisha akamtuma Kalina kwenye barabara ya mashamba: apunguze mwendo kwa breki ya mbele mara ishirini, asisimame kabisa diski ikiwa ya moto, la sivyo alama itarudi.

Niliusikia mlio ukipanda na kushuka nyuma ya mizabibu. Nilihesabu hadi kumi na sita, nikapoteza hesabu.

Kalina alirudi akavua kofia ya pikipiki. Alisema mwanzoni ilipiga kidogo, halafu ikaacha, na kwenye mteremko wa daraja mkono wa breki ulitulia kama meza. Alimpigia simu yule mnunuzi asije. Halafu akasema, akitabasamu, kwamba ataondoka nayo sasa hivi. Ataiweka Plovdiv na kwenda nayo kazini.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimfungia mkate na jibini.

Metodi alikuwa ameokota ubao pembeni, ameukata kwa msumeno akapata kabari mbili za kuzuia gurudumu. Aliziweka sakafuni bandani, pale pale gurudumu la mbele liliposimama mwaka mzima, akaondoka na sanduku lake. Hakueleza chochote, wala utepe hakuugusa.

Kalina alikuwa ameshawasha. Nilimshika mkono, ule unaoshika breki. Tangu mazishi sikuwa nimemwomba mtu kitu chochote.

"Jumapili uje tena," nikamwambia. "Kabari zipo. Na ikiharibika, uje kwa basi."