Joto la Damas

Mwezi wa sita Likasi ina baridi ya kuuma masikio, ndiyo maana Alphonsine alimwita Hakim, fundi wa friji wa soko la Kikula, aje kuangalia klima ya sebuleni. Ilikuwa mashine ya ukutani ya kupoza hewa na ya kuipasha joto. Mume wake Damas aliinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao, mwaka ambao kobalti ilikuwa na bei nzuri. Majirani, ambao hawakosi la kusema, walicheka: paa la mabati, na klima ukutani! Damas alicheka nao, kisha akaiwasha.

Hakim alifungua mfuniko, akasikiliza, akapapasa mabomba.

"Mama Carine, hii masini imezeeka. Gazi iliisha zamani. Inapiga makelele, inakula courant mingi ya umeme. Ni ya kubadirisha."

"Lakini inaleta joto."

"Inaleta." Aliweka kiganja mbele ya upepo, akanusa. "Hii ni joto ya muntu."

"Ni ya Damas."

"Ah," alisema Hakim, akaendelea kufungua skrubu.

Damas alishuka shimoni kuchimba kobalti kule Kakanda mwaka jana, na tingatinga la kampuni ya madini likalifukia shimo kabla hajapanda. Kampuni ilisema shimo lilikuwa tupu. Kilio hakikufanywa, maana huwezi kumlilia mtu ambaye hakuwamo. Baridi ilipoanza, klima ikawa inapumua joto la Damas kila jioni: jasho, vumbi la mawe, tumbaku kidogo. Alphonsine alikula bukari, ugali wake wa jioni, chini ya klima hiyo, akivuta harufu ya mume wake kwa kila tonge. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake yote.

Ila joto lilikuwa linapungua, na hilo ndilo lililomfanya amwite fundi.

"Hizi masini zenyewe hazifanyake joto," alieleza Hakim, akifuta mikono. "Zinaikamata fasi moja, zinaipeleka fasi ingine. Ile unapata huku, kule inatoka."

Alphonsine aliketi.

"Njo kusema miye naota joto, yeye kule anasikia baridi?"

"Njo vile. Ukibadirisha masini, atabakia na ile joto kidogo iko nayo."

Damas alikuwa mtu wa kuganda miguu. Kitandani aliipachika katikati ya miguu ya mke wake, naye akamgombeza kila usiku. Sasa angetoa chochote agombeze tena.

"Papa Hakim, wakati ya joto, hii masini inatosha joto mu nyumba, inaitupa inje?"

"Inje, ama kule kwenye imezoea kukamata joto."

"Basi, uigeuze. Weka baridi."

"Mwezi wa sita, mama?"

"Weka. Tutabadirisha siku watamutosha mule mu shimo."

Hakim aliigeuza, akanywa chai, akafunga vifungo vya koti lake, akaenda zake.

Siku hizi nyumba ile inaganda. Binti yake Carine anaandika kazi za shule amevaa sweta mbili. Majirani wanaokuja kusalimia hawavui makoti, na wengine huja na babula, jiko la makaa, iliyokwisha kuwashwa, ili nyumba ipate joto la kumpelekea Damas. Juzi padre wa parokia yao alikwenda tena kwenye kampuni kuuliza habari za Damas. Alijibiwa kwa heshima kwamba shimo lile halina mtu. Aliporudi na jibu hilo, Alphonsine alimshukuru, akaongeza makaa kwenye babula, akajifunika blanketi mabegani, akaishusha klima digrii nyingine moja.