Usizime, Ilaze

Kanuni ya jengo letu hapa Santa Clara niliitunga mimi: umeme ukikaribia kukatika, usizime kompyuta, ilaze, yaani iache ihifadhi hali yake kwenye diski ndipo ijifunge. Ikiamka, utakuta kazi yako palepale ulipoiacha. Nafundisha kompyuta chuo kikuu, kwa hiyo watu waliniamini.

Idania, jirani yangu wa ghorofa ya pili, aliifuata bila kukosea. Kompyuta yake ina mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Linux. Linux nilimwekea ya kushushia mafaili mtandaoni, lakini humo spika hazitoi sauti; akitaka kusikiliza kitu lazima aingie Windows. Nilitenga sehemu moja ya diski inayofikiwa na mifumo yote miwili.

Jumatatu alishusha rekodi kumi na moja za sauti ya kaka yake Osmany, aliyefariki Montevideo mwezi Machi. Mjane wake alizipandisha mtandaoni kutoka kwenye simu ya marehemu, kisha simu ikafutwa na kuuzwa. Kiungo cha kuzishushia kilidumu siku tatu tu. Alhamisi mchana Idania aliniita.

Mama yao, doña Herminia, haoni tena. Alikuwa ameketi kando ya spika, amevaa gauni lake la kutokea.

"Profe, humu hamna kitu," Idania alisema.

Folda ilikuwa tupu.

"Ulizinakili kuja sehemu hii ya pamoja, au ulizihamisha?"

"Nilihamisha. Si wewe unayenisema nikijaza diski?"

"Na kabla ya kuingia Linux, Windows ulikuwa umeizima?"

"Niizime kwa nini? Niliilaza, kama ulivyotufundisha."

Niliacha kubonyeza kibodi. Windows iliyolazwa hukumbuka diski kama ilivyokuwa kabla ya kulala. Ikiamka, haijui kwamba Linux imeongeza kitu; huandika orodha yake ya zamani juu ya mpya. Nililijua hilo miaka yote. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Ulises," doña Herminia aliita. "Ulipovunja birika langu la kahawa ukiwa na miaka saba, ulinyamaza hivihivi. Umevunja nini leo?"

Nikamweleza. Idania alikaa chini, sakafuni, kama mtu aliyeondolewa kiti.

Niliwasha Linux na kuanza kuchakura diski kwa programu ya kufufua mafaili. Saa tatu nzima, na umeme haukukatika. Ilipatikana rekodi moja, haina hata jina, ya sekunde arobaini. Niliiweka kwenye flashi, nikarudi Windows, nikaicheza.

"Mama, umeme upo huko?" Osmany aliuliza. "Maana nikikupigia kukiwa na giza unanigombeza mimi, kana kwamba nimeukata mimi."

"Upo," doña Herminia aliijibu spika.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Na zile kumi?"

"Hazipo, doña."

Idania aliinuka, akanyoosha mkono ailaze kompyuta, kwa mazoea tu. Nikaushika mkono wake.